Msako Ukitangazwa: Mwongozo kwa Mwananchi Asiyejua Mambo

Kama umehamia Kenya juzi, au ulizaliwa hapa lakini hukuwa ukisikiliza, ipo elimu moja ambayo hakuna shule inayoifundisha: jinsi ya kuishi siku zile ambazo serikali inawasaka watu waliofanya shambulio. Siku hizo zina desturi zake. Asiyezijua huaibika. Huamini tangazo la kwanza, huuliza swali ambalo wakati wake haujafika, au hutoka nyumbani saa mbili usiku bila kitambulisho, eti anavuka barabara kununua maziwa. Mwongozo huu umeandikwa ili mtu huyo asiwe wewe.

Kuhusu hesabu

Washambulizi walioingia katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mchana wa Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013, walikuwa wanne. Hilo tunalijua leo. Wakati ule tuliambiwa ni kati ya 10 na 15, na nchi nzima ikakaa mbele ya runinga ikitoa na kujumlisha: wameuawa watatu, wameuawa watano, wale wengine je? Uvumi ukapata kiti na mto wa kuegemea. Wametorokea kwenye mtaro wa maji taka. Wamebadilisha nguo wakatoka pamoja na mateka. Waziri wa Mambo ya Nje aliiambia runinga ya Marekani kwamba miongoni mwao yumo mwanamke Mwingereza, ilhali waziri mwenzake wa usalama alikuwa akisema wote ni wanaume, ila baadhi wamevaa nguo za kike. Serikali moja, baraza moja la mawaziri, na mshambulizi mmoja ambaye ni mwanamke ukiwa New York na mwanamume ukiwa Nairobi.

Mgeni hudhani hesabu hukosewa kwa sababu ya fujo na moshi. Kiasi, ndiyo. Lakini jifunze kuitazama hesabu ya kwanza kwa jicho la mwenye duka. Adui akiwa 15, operesheni ya siku nne inaeleweka, na anayeiongoza ni shujaa. Adui akiwa wanne, kila siku miongoni mwa zile nne inadai maelezo yake. Watu 67 waliuawa mle ndani, na hakuna aliyewahi kueleza vizuri wangapi kati yao walikuwa hai Jumamosi jioni, baada ya polisi wa kikosi cha Recce na wanajeshi kurushiana risasi kwa kutotambuana, kamanda mmoja wa polisi akafa, na polisi wakajiondoa. Swali hilo ndilo la maana kuliko yote. Utaona kwamba katika mjadala wa kitaifa huja likiwa la mwisho, baada ya yule mwanamke Mwingereza.

Kuhusu moshi

Jumatatu ya msako huohuo, moshi mweusi ulifumka juu ya Westgate ukaonekana mitaa ya mbali. Waziri wa Usalama, Joseph Ole Lenku, akaeleza kwamba magaidi wanachoma magodoro.

Hapa mwongozo unakusihi: usicheke. Angalau usicheke mbele ya mtu usiyemjua. Maelezo ya magodoro yana mantiki yake, kwa kuwa duka kubwa lilikuwemo mle na duka kubwa huuza magodoro. Kwamba sehemu ya jengo ilikuja kuporomoka, ghorofa juu ya ghorofa, ni jambo ambalo godoro halijawahi kulifanya popote duniani, lakini wewe si mhandisi.

Baadaye zilitoka picha za kamera za jengo, zikiwaonyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko ya plastiki mkononi. Mkuu wa majeshi, Jenerali Julius Karangi, akasema ndani ya mifuko ile mlikuwa na maji ya kunywa. Kiu ni jambo la kibinadamu. Hata hivyo jeshi lenyewe lilikuja kutangaza kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa kazi na kufungwa kwa wizi uliofanyika mle, kwa hiyo si kila mfuko ulikuwa wa maji. Weka taarifa zote mbili kichwani kwa wakati mmoja. Ukiweza kufanya hivyo bila kuumwa na kichwa, umeanza kuwa raia.

Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Tume haikuundwa. Kamati za Bunge ziliandika ripoti, na Bunge hilohilo likaikataa. Ukisikia neno tume wakati msako ungali moto, lipokee kama unavyopokea salamu za mgombea wa udiwani, na uendelee na shughuli zako.

Kuhusu kitambulisho

Sasa tumefika penye uzito, maana hapa utahusika mwenyewe.

Msako una watu wa aina mbili: wanaotafutwa, na wanaopatikana. Usiwachanganye. Wanaotafutwa wana majina, picha na bei. Wanaopatikana wana kosa moja tu, la kuwa nyumbani. Aprili 2014, baada ya waumini kuuawa kanisani Likoni na mabomu kulipuka mtaa wa Eastleigh, Nairobi, serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch. Usiku wa manane mlango unagongwa kwa kitako cha bunduki. Sauti nje inasema neno moja tu, kitambulisho. Mama anapapasa chini ya mto, baba anafungua sanduku, kijana anakumbuka kwamba chake kiko kwa mwenye nyumba. Aliye na karatasi anaangaliwa karatasi. Karatasi ikiwa sawa, anaangaliwa sura. Sura ikiwa ya Kisomali, karatasi inaangaliwa upya. Chini barabarani lori limeshawashwa injini, na waliokwisha kupandishwa wanaambiwa wasogee ndani, bado wapo wengine.

Maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani, wakapangwa mahali ambapo kwa kawaida watu hulipa kiingilio ili waingie. Pale kiingilio hakikuhitajika. Cha kutokea ndicho kilichokuwa na bei. Halmashauri ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili kuwatazama polisi, ililalamikia jinsi operesheni ile ilivyoendeshwa, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika kurasa nyingi kuhusu hongo. Wakazi wa Eastleigh hawakungoja kurasa hizo. Walikuwa wamekwisha kusema kwamba askari huwageuza mashine za benki za kutolea pesa: unabonyeza, noti zinatoka.

Katiba, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ikariri, ina manufaa kwenye mitihani. Ukiitaja saa nane usiku huku mlango umeegemewa na buti, utajuta kuisoma.

Kinachostahili kujadiliwa, na hujadiliwa kwa nadra, ni hiki: gaidi aliyejiandaa ana kitambulisho. Mtu anayepanga shambulio kwa miezi hatashindwa na karatasi ambayo, katika nchi hii, imewahi kuuzwa. Shambulio la hoteli ya Dusit D2, Nairobi, lilipotokea Januari 2019, ilibainika kwamba kiongozi wa washambulizi alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi, mpangaji katika nyumba ya kawaida huko Kiambu. Lori la Usalama Watch lingempita likimpungia mkono.

Watu wa Lamu nao wana somo lao. Mpeketoni ilivamiwa usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wakiwa wanatazama mechi za Kombe la Dunia. Wauaji walikuja kwa nchi kavu, ndani ya magari. Watu zaidi ya 60 walikufa usiku huo na ule uliofuata, kwa maana wavamizi walirudi na kuua tena karibu na palepale. Rais akasema si kundi la al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya humu nchini. Al-Shabaab, ambao walikuwa wameshajigamba kwamba ni wao, wakajikuta wananyimwa hata dhambi yao wenyewe. Gavana wa Lamu akakamatwa, kisha akaachiliwa. Halafu mwezi uliofuata ikaja kafyu ya tangu magharibi hadi asubuhi, na uvuvi wa usiku ukasimama. Soma tena polepole: wauaji walipita barabarani, waliofungiwa ni wavuvi. Mvuvi wa Lamu hatoki kwenda baharini kwa saa ya ofisini, hutoka kwa bamvua na maji mafu, na samaki wengine hawana habari na mchana. Kwa miaka kadhaa mashua zikakaa ufukweni jioni, nanga chini, zikishirikiana na vyombo vya usalama.

Kuhusu ndege

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, kama saa kumi na moja na nusu, watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Jioni ya siku hiyo kikosi cha Recce kilifika mabwenini na kumaliza kazi kwa muda mfupi sana. Katikati ya nyakati hizo mbili walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi.

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 350. Waandishi wa habari waliendesha magari wakafika. Waziri na Inspekta Jenerali walipanda ndege wakafika. Kikosi kilichofunzwa kwa ajili ya siku kama hiyo kilikuwa Nairobi kikisubiri usafiri, na ndege ya polisi ilikuwa Mombasa, ambako baadaye ilijulikana kwamba iliwachukua jamaa za ofisa mmoja mkubwa wa kitengo cha ndege.

Msemaji wa Ikulu, Manoah Esipisu, aliitetea serikali kwa kusema kwamba kupambana na ugaidi ni kama kuwa golikipa: hakuna anayekumbuka mikwaju 100 aliyoiokoa, watu hukumbuka ule mmoja uliompita. Ni hoja nzuri na ina ukweli ndani yake. Kasoro yake ni kwamba siku ile mpira ulikuwa umetangazwa mapema, tahadhari kuhusu vyuo vikuu zikiwa zimebandikwa kwenye mbao za matangazo, na golikipa alikuwa hajafika uwanjani kwa sababu aliyekuwa na gari la timu alikuwa amempeleka shemeji ufukweni.

Watu hawakucheka mara hii. Serikali ilipotangaza 147, kisha 148, vijana wakaanza kuwataja waliokufa kwa majina yao na picha zao, mmoja baada ya mwingine, ili wasibaki tarakimu.

Kuhusu nani alaumiwe

Mgeni akisikia watu wanalaumu polisi hudhani kesho yake mtu atajiuzulu. Vumilia. Ole Lenku, aliyetuachia magodoro Septemba 2013, alikuwa bado waziri Mpeketoni ilipovamiwa. Alikuwa bado waziri tarehe 22 Novemba 2014, watu 28 waliposhushwa kwenye basi Mandera wakauawa. Mnamo tarehe 2 Desemba, wachimbaji mawe 36 walipouawa hukohuko Mandera, ndipo alipoondolewa, na Inspekta Jenerali David Kimaiyo akajiuzulu siku hiyohiyo. Usiwasikitikie kupita kiasi. Kimaiyo alikuja kupewa uenyekiti wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Lenku alichaguliwa gavana wa Kajiado mwaka 2017, akachaguliwa tena 2022. Sisi wenye hasira ndio wapiga kura, kumbuka hilo kabla hujapanda juu ya meza ya kibanda cha chai.

Linganisha na magereza. Wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka Kamiti Novemba 2021, hakuna mtu aliyeuawa, na Kamishna Jenerali wa Magereza, Wycliffe Ogalo, alifutwa kazi siku mbili baadaye. Ukijiuliza kwa nini huyu alienda upesi na wale walikaa, utakuwa umeuliza swali zuri, na nakushauri uliulize ukiwa umekaa kwa watu wako.

Kuna lawama nyingine ambayo ni rahisi mno, nayo ni ya askari wa chini. Usiingie humo. Saa za kwanza za Westgate, waliookoa watu walikuwa polisi waliovaa nguo za kawaida, wengine bastola tu mkononi, pamoja na raia wenye leseni za silaha, huku wakubwa wakijadiliana nani ataongoza. Garissa askari waliolinda chuo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Huko Mandera na Lamu, askari hupanda gari akijua kwamba barabara yenyewe huenda imetegwa, na akifika kambini analala kwenye hema. Anaporudi Nairobi na kusikia kwamba polisi wote ni wezi, hana pa kupeleka maneno yake. Na aliyekuomba kitu kidogo Eastleigh huenda alikuwa yeye huyohuyo. Watu ni hivyo.

Wala si kweli kwamba hawajifunzi. Dusit ilikuwa tofauti: amri ilitoka kwa mtu mmoja, kikosi kilifika mapema, mamia ya watu wakatolewa wakiwa hai. Kweli Riverside, ilipo hoteli hiyo, ni jirani kuliko Garissa, na kweli waziri Fred Matiang'i alisema usiku kwamba majengo yamedhibitiwa kisha milio ikasikika tena hadi asubuhi. Waliokufa ni 21. Lakini aliyeyaona yote mawili alijua kwamba mtu fulani, ndani ya ofisi fulani, alikuwa ameisoma Westgate kimyakimya bila kungoja tume.

Kuhusu zawadi

Baada ya Westgate tuliletewa Nyumba Kumi, mpango wa kujua majirani zako, ulioazimwa Tanzania ambako balozi wa nyumba kumi alikuwepo tangu enzi ya Mwalimu. Tuliambiwa usalama unaanza na sisi. Hatukukataa. Tatizo ni kwamba jirani anayetakiwa kutoa habari leo ndiye aliyepandishwa lori jana, na mtu aliyewahi kulipia mlango wa Kasarani hana haraka ya kupiga simu kituoni. Polisi wanajua hili kuliko mtu yeyote, ndiyo maana huweka pesa juu. Garissa iliwekwa shilingi milioni 20 kwa anayedhaniwa kupanga shambulio, naye aliuawa Somalia mwaka uliofuata.

Wale watatu wa Kamiti nao waliwekewa bei, milioni 20 kila mmoja. Mmoja wao alikuwa amefungwa kwa ajili ya shambulio la Garissa, hukumu ya miaka 41. Kwa siku tatu nchi ilijaa vizuizi, picha, na wachambuzi wa usalama walioitwa studio hadi sauti zikakauka. Kila mstaafu aliyewahi kuvaa kofia ya kijeshi alikuwa na ramani. Gerezani askari wa zamu walikuwa wanahojiwa jinsi watu watatu wanavyopita kwenye gereza lenye ulinzi mkali kuliko yote nchini, na mtaani kila mtu alikuwa na jibu, wengi wakilitoa kwa kusugua kidole gumba na cha shahada.

Walipatikana tarehe 18 Novemba, kaunti ya Kitui, mashambani. Wachambuzi hawakuwaona. Walionekana na wanakijiji: wageni watatu, wamechoka, wana kiu, hawazungumzi lugha ya pale, wanaulizia njia inayoelekea upande ambao mtu mwenye shughuli zake haendi kwa miguu. Kijijini mtu akiuliza njia huulizwa kwanza yeye ni wa nani. Hawa hawakuwa wa mtu. Habari ikatembea kutoka mdomo hadi mdomo, ikafika kwa wenye silaha, na msako mkubwa kuliko yote ya mwaka ule ukamalizwa na watu ambao pengine hawakuwa na chaji ya simu kutazama runinga.

Hapo mjadala ukageuka, na ndio niupendao zaidi. Saa 24 kabla, kila idara ilikuwa inaeleza kwa nini kosa halikuwa lake. Sasa kila idara ilikuwa na mkono katika ushindi, na watu wa Kitui walikuwa na swali moja, la milioni 60.

Kwa hiyo, siku ukiwaona watu watatu wamesimama kwenye duka lako wakiulizia Garissa, usikimbie na usipige kelele. Wauzie maji. Warudishie chenji kamili. Kisha nenda kituoni na mashahidi wawili, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, dai nambari ya OB, ipige picha, na uandike pembeni saa uliyofika na jina la askari aliyekupokea, maana pesa zikitajwa, kituo kizima kitasema kilikuwa nawe dukani.